Eli aliona ulevi, kumbe ni huzuni

 

Kabla ya kwenda ibadani leo, au ukirudi na chai ikiwa mezani, fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Habari za Hana tumezizoea. Huwa tunazisoma siku ya akina mama, tunazisoma watoto wanapowekwa wakfu, na kwa kuwa mwisho wake tunaujua, tunaukimbilia: Samweli amezaliwa, mama ameimba, amina. Leo tusikimbie. Tukae kidogo kwenye mstari wa 9 hadi wa 18.

Mwanamke huyu yuko Shilo, kwenye nyumba ya Bwana. Miaka inakwenda hajapata mtoto, na mke mwenzake, Penina, anamchokoza kila mwaka wanapopanda kwenda kutoa sadaka. Mume wake anampenda, lakini hata yeye haelewi. Anamuuliza kama upendo wake haumtoshi. Mama wa watu amekataa chakula, analia tu. Anaingia kuomba, na uchungu umemjaa hadi sauti haitoki. Midomo inacheza, maneno hayasikiki. Kuhani Eli, aliyeketi kitini karibu na mwimo wa mlango, anamtazama kinywa. Hamwendei, wala hamuulizi. Anahitimisha kwamba huyu amelewa, kisha anamkemea aache pombe yake.

Jibu la Hana lina adabu kuliko shutuma ile ilivyostahili. Anamwita bwana wake. Anamweleza kwamba hajaonja kileo chochote, kwamba yeye ni mwanamke mwenye huzuni, na alichokuwa anakimimina pale ni nafsi yake mbele za Mungu.

Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa mlangoni miaka mingi, na bila shaka wale waliozidisha vinywaji siku za sikukuu alikuwa amewaona wengi. Aliona dalili, na maelezo ya dalili hiyo alikuwa nayo tayari.

Hana aliponea kwa sababu kinywa chake hakikunuka. Je, kingenuka? Tuseme kwamba katika miaka ile ya kuchekwa alikuwa amegundua kuwa vikombe viwili vya divai vinampa usingizi. Tuseme siku ile alivinywa kabla ya kuingia, maana bila hivyo asingeweza hata kusimama mbele ya watu. Huzuni yake ingepungua ukweli? Eli angekuwa amesema kweli kuhusu kile kikombe, na bado angekuwa amekosea kabisa kuhusu yule mama.

Nimeanza mbali hivyo kwa sababu ninataka tuzungumze juu ya watu ambao vinywa vyao vinanuka.

Hapa Morogoro, mji kasoro bahari, kila jumuiya inaye mmoja, na wengine wanao watano. Ni yule mzee aliyekuwa anaimba besi kwaya ya kanisa, sasa unamkuta kilabuni saa nne asubuhi. Ni dereva wa bodaboda pale Mwembesongo ambaye haanzi kazi bila kuvuta. Ni mama wa upande wa Mgeta anayetengeneza pombe ya kuuza, na siku hizi nusu ya anachotengeneza anakinywa mwenyewe, gizani, watoto wakiwa wamelala. Tukikutana jioni kwa sala ya nyumba kwa nyumba tunawataja: ameanguka, ameacha wokovu, shetani amemteka. Tunajua wanakunywa nini, wanakunywa kwa nani, na wanadaiwa shilingi ngapi. Tukiulizwa usingizi uliwaondoka mwaka gani, hatujui. Kanisa linalojua kwa majina nani hajamalizia ahadi ya jengo linaweza pia kujua nani hajalala wiki tatu.

Wanywaji wenyewe hawafichi sana. Msikilize mtu akiwa kwenye glasi ya kwanza, kabla ulimi haujawa mzito. Atakuambia anapunguza mawazo, au anatafuta usingizi. Atakuambia bila hii hawezi kukaa na watu. Kwa lugha nyingine, anajitibu. Mwaka 1985 daktari mmoja wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Edward Khantzian, aliandika kwenye jarida la kitaalamu kwamba wengi wa wagonjwa wake wa dawa za kulevya hawakuanza kwa kutafuta raha. Walikuwa wanatafuta nafuu ya maumivu ya moyoni ambayo hakuna aliyeyatibu. Wataalamu wamebishana naye katika mambo kadhaa, kwa maana wapo wanaokunywa kwa sababu ya marafiki, au kwa kuwa pombe ni rahisi kuliko soda. Lakini kwa kundi kubwa la watu alichosema ni kile kile unachoweza kukisikia kwenye benchi la kilabu chochote.

Shida ya dawa hii ni kwamba inafanya kazi. Laiti isingefanya kazi, watu wangeiacha. Mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka wiki baada ya wiki, akinywa anasikia mzigo umetuliwa. Mwenye wasiwasi wa kudumu anasikia kifua kimefunguka. Saa nne usiku amelala kama mtoto. Kisha saa tisa usiku pombe inaisha mwilini, na ubongo uliokuwa umekandamizwa unaruka juu kama chemchemi iliyoachiwa. Anaamka moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, na mawazo yote aliyoyafukuza yamerudi yakiwa na wenzake. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue. Miezi inapita, glasi mbili hazitoshi, zinahitajika nne, na ile huzuni aliyokuwa anaitibu sasa inalishwa na dawa yenyewe, kwa kuwa pombe ikizoeleka inazidisha sonona. Ongeza madeni, ongeza ugomvi wa ndoa, ongeza aibu ya kupishana na mchungaji njiani.

Bangi nayo ina mambo yake. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikiteketeza mashamba ya bangi mkoani kwetu, kwa hiyo tusijifanye inatoka mbali. Wapo vijana wanaovuta kwa sababu wanasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au wanahisi kila mtu anawasema. Wakivuta wanatulia saa moja, mbili. Ila kwa kijana ambaye ugonjwa wa akili unamnyemelea, hasa kama kwao yupo aliyewahi kuugua, bangi inaweza kuuamsha na kuuzidisha. Familia inasema bangi imemharibu mtoto. Inawezekana. Inawezekana pia mtoto alikuwa ameanza kuugua kabla hajaishika, na hiyo ndiyo tiba pekee aliyoipata kijiweni kwa bei anayoimudu. Tukiishia kumkamata na bangi yake, ugonjwa unabaki naye.

Nirudi kwenye Biblia. Unamkumbuka mlevi wa kwanza anayetajwa ndani yake? Ni Nuhu, Mwanzo sura ya 9, mstari wa 20 na kuendelea. Alipanda mizabibu, akanywa, akalala uchi hemani mwake. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mistari hii yanamfanya Nuhu mfano wa mtakatifu aliyeteleza. Huenda. Lakini fikiria mtu huyu alikuwa nani siku ile. Majirani wote aliowahi kuwasalimia walikuwa wamekufa maji. Soko lote, ukoo wote, mafundi wenzake. Alibaki na familia yake na tope. Maandiko hayasemi kwa nini alikunywa, na sitayasemea. Ninachosema ni kwamba mlevi wa kwanza katika Biblia alikuwa mtu aliyenusurika kwenye maafa.

Sisi wa Morogoro hilo hatuhitaji kuelezwa sana. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu walikwenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na hadi mwezi ule unaisha waliofariki walikuwa wamezidi 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wengine tulikuwa makanisani, wengine makaburini Kola. Vidonda vya moto vilifungwa bandeji, majeruhi walipelekwa hadi Muhimbili, na mungu wa takwimu, kama yupo, alihesabu vizuri. Sasa hesabu na wale wasiokuwamo kwenye orodha: aliyefika dakika moja baadaye, aliyebeba, aliyekwenda kumtambua ndugu, aliyemtuma mwanawe na dumu. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa mwaka mzima akionekana mzima. Kisha anasikia harufu ya petroli kituoni na mwili mzima unakufa ganzi. Anaota. Anashtuka mlango ukibamizwa. Anajilaumu kwamba amebaki hai. Haya ni maradhi yanayojulikana, yana jina na yana tiba, na tiba yake kubwa ni mazungumzo ya muda mrefu na mtu aliyefunzwa. Asipoipata, na kilabu kiko mita 50 kutoka nyumbani kwake, wewe unadhani atafanya nini?

Katika habari ya Nuhu, Hamu alimwona baba yake akatoka nje kuwaambia wenzake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika. Hamu hakusema uongo wowote. Kila alichotangaza kilikuwa kweli. Vikundi vyetu vya sala, na siku hizi vya WhatsApp, vina akina Hamu wengi wenye ukweli mtupu.

Lakini hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu kufunika si kuficha. Zipo familia za kanisa, tena za heshima, zinazomfungia mgonjwa chumba cha uani ili wageni wasimwone. Ipo aibu ya kusema mtoto wa mzee wa kanisa anaugua akili. Afadhali aitwe mlevi. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwetu ulevi una heshima kidogo kuliko ugonjwa wa akili. Mlevi anachekwa na bado anapewa kazi ya kibarua. Mgonjwa wa akili anaogopwa, anaambiwa karogwa, na jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo imehudumia wagonjwa tangu miaka ya 1920, limegeuzwa tusi la kutaniana mitaani. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake timamu kabisa anaweza kuchagua chupa kuliko kliniki, kwa sababu chupa haimpi jina baya zaidi. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ajabu ni kwamba katika jambo hili kanisa lilikuwa limetangulia. Kule Lutindi, Korogwe, kwenye Milima ya Usambara, wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walijenga mwishoni mwa karne ya 19 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali pale pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hadi leo ipo, na iko chini ya kanisa. Na Morogoro nayo ina historia yake ambayo vijana wengi hawajui. Miaka ya 1980, serikali ilipotaka kupeleka huduma ya afya ya akili hadi vijijini, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa miwili ndiyo ilichaguliwa kuanzia: Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lilikuwa rahisi. Badala ya kumsafirisha kila mgonjwa hadi Dodoma, mhudumu wa zahanati afundishwe kuutambua ugonjwa wa akili na kifafa, atoe dawa za msingi, na asiyemweza ampe rufaa. Kwa maneno mengine, kabla watu wa mikoa mingi hawajafikiriwa, bibi wa Matombo alikuwa amefikiriwa.

Wazo hilo halijafa. Ndiyo maana hata leo pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, na kitengo cha afya ya akili kiko kwenye hospitali ya mkoa. Ila wataalamu ni wachache, mkoa una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022, na milima ni milima. Mtu wa Nyandira au Bunduki anashuka na gari la mboga. Mtu wa Choma au Towelo anashuka kwa miguu na mzigo wa ndizi kichwani. Kumwambia aliyezama kwenye sonona, ambaye hata kuoga kunamshinda, eti ashuke peke yake mjini akapange foleni, arudi mwezi ujao, na kisha mwezi mwingine, ni kumwambia asiende. Hapo ndipo jumuiya ina kazi: nauli, mtu wa kumsindikiza, jirani wa kubaki na watoto. Tunafanya hivyo kwa mwenye saratani na hatuulizwi. Kwa mwenye sonona tunauliza kama ameomba.

Sasa naomba unisikilize kwa makini zaidi, maana hapa watu hufa.

Mtu aliyekuwa anakunywa kwa wingi kila siku, kwa miezi au miaka, asiambiwe aache ghafla bila kuonana na mtaalamu wa afya. Najua jinsi tunavyopenda ushuhuda wa mtu aliyeitupa chupa madhabahuni na asiguse tena. Namtukuza Mungu kwa kila ushuhuda wa namna hiyo. Lakini mwili uliozoea pombe, ukinyimwa ghafla, unaasi. Ndani ya siku moja anaanza kutetemeka, kutokwa jasho, kutapika. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka na kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kuzungumza na watu wasiokuwapo, joto kupanda, na akafa. Mtu huyu mara nyingi anakuwa wapi siku hizo? Anakuwa kwenye mkesha, au amefungiwa chumbani afunge na kuomba. Na akianza kupiga kelele na kuona visivyoonekana, wapo watakaosema pepo limejidhihirisha, waongeze maombi. Hospitalini kuna dawa za kumtuliza na kumshusha taratibu, pamoja na vitamini ambazo pombe ilizimaliza mwilini. Mpeleke. Mwombee ndani ya gari, mwombee kwenye benchi la mapokezi, kesho yake mwombee wodini, lakini awe hospitalini. Kwa anayetumia unga, ile arosto yake inatesa sana, naye ana tiba: Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imeenea mikoa kadhaa tangu wakati huo.

La pili linafanana nalo. Mtu akishaanza dawa za akili, asizitupe baada ya kuombewa. Dawa nyingi za sonona zinachukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona nafuu ya maana, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Wengine wanazitumia miezi sita, wanajisikia wazima, mtu anawaambia kuendelea kumeza ni kukosa imani, wanaacha, na wanarudi chini kuliko walikotoka. Hatumwambii mwenye kisukari atupe dawa zake. Paulo mwenyewe, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5 mstari wa 23, alimshauri kijana wake mpendwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo na maradhi yake ya mara kwa mara. Mstari huo walevi wanaupenda sana, nadhani kuliko wachungaji. Wasichokiona ni kwamba Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, hapo anamwandikia mgonjwa kuhusu dawa na kipimo.

Na kama mtu anazungumza habari za kufa, kwamba amechoka, kwamba watu watapumzika akiondoka, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo. Mara nyingi kunampunguzia upweke. Usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo umfikishe kwenye huduma. Wakulima wa mboga wa milimani mnaotunza dawa za kuulia wadudu chini ya kitanda, zitoeni, mzifungie mahali penye kufuli.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe za viroba. Nilifurahi, na bado naona ulikuwa uamuzi mzuri, maana zile pakiti za bei ya andazi zilikuwa zinaingia hadi kwenye mabegi ya shule. Lakini marufuku iliondoa pakiti. Aliyekuwa ananywa ili alale, usiku wa tarehe 1 Machi bado alikuwa na usiku wake wa kuuvuka, na gongo ilikuwapo. Ndivyo ilivyo pia mtu anapoacha pombe kwa juhudi zake. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wawili wa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilichoanza Marekani mwaka 1935 kikiwa na mizizi katika uamsho wa Kikristo, hakurudi tena kwenye pombe. Hata hivyo aliteswa na sonona kwa miaka mingi akiwa hanywi kabisa, huku maelfu wakimtazama kama mfano wao. Alikuwa ameacha pombe, na ugonjwa mwingine ulikuwa bado unahitaji daktari. Ukimwona aliyerudi kundini, ameongozwa sala ya toba, amesimama mbele ya kanisa na watu wamepiga makofi, usidhani kazi imekwisha. Pengine ndiyo kwanza mambo aliyokuwa anayazamisha yanaanza kuelea.

Mpitie Jumanne. Jumapili kila mtu yuko sawa, amepiga pasi shati. Jumanne jioni ndipo nyumba inaonekana. Usiende na ujumbe wa watu saba kama mnakwenda kudai michango. Nenda na mtu mmoja, ketini, ulizeni habari za shamba. Muulize analalaje. Swali hilo nalipenda kwa sababu halimwaibishi mtu, na jibu lake linafungua mengine: ameanza lini kutolala, nini kilitokea mwaka ule, anakunywa kabla ya kulala au baada ya kushtuka. Kama hataki kuzungumza, usimlazimishe. Rudi wiki ijayo. Wanaume wa kwetu, waliolelewa kwamba kulia ni kwa akina mama, huenda wakahitaji Jumanne nne au tano kabla ya kusema sentensi moja ya kweli.

Eli naye, tumtendee haki, hakubaki palepale. Hana alipomweleza, hakubishana wala hakumtaka alete shahidi. Aligeuka hapohapo, akamwambia aende kwa amani, na akamwombea Mungu ampe haja yake. Angalia mstari wa 18: yule mama alikwenda zake, akala chakula, na uso wake ukabadilika. Mimba ilikuwa bado. Samweli alikuwa bado. Kilichokuwa kimetokea hadi hapo ni kwamba kuhani amesikiliza.

Kuna swali moja ambalo wasomaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza, na huenda nawe unalo. Kwenye makanisa yanayotumia divai yenye kileo, aliyeacha pombe afanyeje siku ya Chakula cha Bwana? Wapo wanaojizuia miaka kwa kuogopa lile funda moja, na wapo waliorudia kunywa kwa sababu yake. Zungumza na mchungaji au padri wako faragha, kabla ya Jumapili ya kushiriki, si ukiwa kwenye mstari. Mwombe upokee mkate peke yake. Wachungaji wengi wanalielewa hili na hawatakuuliza maswali mbele ya watu. Nanyi mlio kwenye foleni nyuma yake, mkimwona mtu amepokea mkate akapita kikombe, msigeuziane macho.

Jumapili njema.